Tao la Upande wa Kwaya

Jumatatu, 3 Juni

Kanisani tangu asubuhi. Baridi. Vidole havikutaka kufungua skrubu za mguu wa kamera. Nimesimama palepale niliposimama kulipiga picha miaka minne iliyopita, kwenye kigae cheusi katikati ya njia. Kamera inazungushwa kidogo kidogo, picha baada ya picha, hadi duara lifunge. Kisha juu, kisha chini. Nyumbani nitaziunganisha ziwe picha moja ambayo mtu anaweza kugeuka ndani yake kama amesimama kanisani.

Papa, baba yangu, anazitaka kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo. Siku hiyo wageni wa ofisi ya majengo ya kale watakuja. Papa ndiye mwenyekiti wa kamati inayotaka kanisa libaki. Paroko wetu, Abbé Donatien, anataka libomolewe lijengwe kubwa. Mpango wa Papa ni rahisi: picha ya zamani na ya sasa, bega kwa bega. Wageni waone kwamba matofali hayajasogea.

Na mimi nataka libaki. Nimepiga picha makanisa mengi ya zamani katika mkoa huu. Hili ndilo langu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeunganisha. Nimeilaza picha mpya juu ya ile ya zamani. Madirisha yanakaa sawa. Altare sawa. Nguzo za kulia sawa. Lakini tao la kushoto, pale kwaya inaposimama, limekuwa na kingo mbili, kama mtu aliyetikisika wakati anapigwa picha.

Kosa langu. Kichwa cha mguu wa kamera kimelegea. Nimejikasirikia mchana mzima.

Jumatano, 5 Juni

Nimerudia yote. Skrubu nimezikaza kwa koleo.

Tao limekataa tena. Palepale.

Mama Véro, anayeongoza kwaya, alikuwa anafagia. Ameniambia kila asubuhi anakuta unga mweupe chini ya nguzo ile. Anadhani ni popo. Nimegusa. Si uchafu wa popo. Ni chokaa.

Alhamisi, 6 Juni

Kamati imekula kwetu. Bukari, samaki, matembele. Papa amesimama na glasi yake akawaambia: "Ile kanisa haiyaenda hata kidole moja. Béa iko na mapicha. Batajionea."

Wakapiga makofi. Wakaniangalia.

Nikatabasamu. Sikuweza kumaliza chakula.

Papa alimwoa mama chini ya tao lile. Miaka sita iliyopita jeneza la mama liliwekwa hapohapo. Papa haongei juu ya mama. Anaongea juu ya kanisa.

Ijumaa, 7 Juni

Nilipaswa kwenda Kasenga kupiga picha kanisa la wamisionari karibu na mto. Nimempigia dereva simu nikasema ninaumwa. Uongo.

Badala yake nimeijaribu kamera uani. Duara zima: ukuta, karai, kamba ya nguo, mpapai wa jirani. Nimerudia baada ya saa moja, nikalaza picha juu ya picha. Hakuna kingo mbili popote. Hata kwenye kamba ya nguo.

Kamera ni nzima.

Kama kamera ni nzima, basi ni tao.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda Annexe, pembezoni mwa mji, kumtafuta Papa Ilunga, fundi mwashi aliyejenga ukuta wetu. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nimemkuta kwenye shamba lake la mihogo. Hakuuliza mengi. Alinawa, akachukua timazi yake, tukapanda teksi.

Kanisani hakukuwa na mtu. Alipanda ngazi, akashikilia uzi juu ya nguzo, akaacha kipande cha risasi kishuke. Juu, uzi uligusa tofali. Chini, kati ya uzi na ukuta, aliingiza kiganja chake chote kwa ubapa.

Alishuka polepole. Alivua kofia.

"Ukuta inalala, mwana yangu. Inasukumwa na tao. Nani anasimamaka apa?"

"Kwaya."

"Basi utoe bantu. Leo."

Nilimwomba anyamaze mpaka Jumatatu, niongee kwanza na Papa. Akakunja uzi wa timazi. "Miye nitanyamaza. Lakini ukuta haina na Jumatatu."

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda misa. Nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Ndiyo, karibu na mlango. Niliichagua nafasi hiyo.

Kwaya ilisimama chini ya tao. Mama Véro na sare mpya ya kitenge. Mbele yao watoto wote wa kipaimara, wanajifunza nyimbo za Jumapili ijayo, askofu atakapokuja. Ngoma zilipoanza niliyatazama matofali, sio altare.

Nilijua, nikanyamaza. Sikusimama. Sikupiga kelele. Niliogopa uso wa Papa, aliyekuwa benchi la mbele na koti lake la kijivu, anaimba.

Misa ilichukua zaidi ya saa mbili. Hakuna kilichoanguka. Hilo haliniondolei kosa. Niliwaweka watoto wa watu chini ya ukuta ule ili baba yangu asinikasirikie.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia.

Nilimwonyesha kwenye kompyuta. Picha mbili, kingo mbili. Nikamwambia juu ya timazi na kiganja cha Papa Ilunga. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani mwingine anajua. Nikasema mimi na Papa Ilunga tu.

"Nani anaunganishaka mapicha? Si weye?"

"Ni miye, Papa."

"Basi unganisha muzuri."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilinyanyuka nikatoka nje. Papa huyu aliwahi kunirudisha sokoni kwa miguu, kwa sababu mama muuza nyanya alikosea akaniongezea chenji.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya. Niandike ukweli hapa, hakuna mwingine atakayesoma. Baada ya chai nimefungua picha mpya, nimeshika tao, nimelisukuma mahali pake. Dakika mbili, labda tatu. Likakaa sawa. Ukingo mmoja. Zuri sana. Nililiangalia na nikapenda nilichokiona.

Halafu nilifikiria sare mpya ya Mama Véro.

Nimefuta. Nimefuta pia kwenye kikapu cha kompyuta, nisije nikairudia.

Papa aliuliza kwenye mlango kama kazi imekwisha. Nikasema imekwisha. Hakuuliza imekwisha vipi. Anajua.

Jumatano, 12 Juni

Kwa Abbé Donatien, mapema. Nilikuwa tayari kumchukia. Huyu ndiye mtu anayetaka kubomoa, na mimi namletea nyundo mkononi.

Hakufurahi. Nilimtazama usoni nikitafuta furaha, sikuiona. Aliweka kidole kwenye tao, akasema hapo ndipo alipoimba. Kumbe alikuwa mtoto wa kwaya hapa hapa, kabla ya seminari. Sikujua. Miaka yote tumegombana naye, hakuna aliyemuuliza alikotoka.

"Papa yako anajua kama uko huku?"

"Hapana."

Akachukua funguo. Tulienda pamoja. Alitoa Ekaristi, akafunga milango mitatu, akaandika kwa mkono karatasi moja na kuibandika: HATARI, MUSIINGIE. Herufi zilipinda.

Hakunishukuru. Afadhali.

Jioni Papa alikuwa amekwisha kusikia kwamba milango imefungwa. Amekula chumbani.

Alhamisi, 13 Juni

Wageni wamekuja saa nne. Bwana mmoja mwenye miwani na bibi mmoja mwenye daftari. Kamati yote uani, mbele ya mlango uliofungwa. Papa amevaa suti ya harusi za watu. Hakuniangalia.

Abbé alisema kanisa limefungwa kwa usalama. Papa akaingilia, kwa Kifaransa chake kizuri cha enzi za kazi yake ya reli. Akasema hizi ni njama. Akasema jengo hili halijasogea tangu azaliwe, na kwamba binti yake, mpiga picha, anao ushahidi.

Bibi akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimechapa picha zote mbili, ndefu, kila moja upana wa mikono miwili. Nilizitandika chini kwenye saruji. Nikaweka mawe kwenye pembe kwa sababu ya upepo. Nikapiga magoti, nikaonyesha kwa kidole: hapa zamani, hapa sasa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Nikasema tao limesogea. Nikasema nilijua tangu Jumamosi na kwamba Jumapili nilinyamaza.

Mama Véro alishika kifua. "Béa. Batoto balikuwa pale."

"Ndiyo, Mama."

Nikarudisha jiwe lililoteleza kwenye pembe ya picha.

Nilipoinua kichwa Papa alikuwa anaondoka. Niliona mgongo wake tu, suti imekuwa pana kwake, anatembea katikati ya barabara na pikipiki zinampigia honi. Nilitaka kumfuata. Yule mwenye miwani aliniuliza jambo kuhusu lenzi. Nilijibu. Najichukia kwa kujibu.

Jumapili, 16 Juni

Kipaimara nje, chini ya turubai. Vumbi kwenye viatu vya askofu. Watoto waliimba vizuri. Upepo ulichukua nusu ya sauti.

Baadhi ya watu wamenipa mkono. Wengine wamepita. Mzee mmoja wa kamati amesema, ili nisikie, kwamba kuna watoto wanaouza nyumba ya baba yao. Mama Véro hajanisalimu bado. Ana haki.

Papa hakuja. Ametembea mpaka parokia nyingine, mbali, na goti lake linalomuuma.

Jumatano, 19 Juni

Siku ya sita tangu wageni waje. Mimi na Papa tunapishana mlangoni. Naacha chakula, anakula, anaosha sahani mwenyewe. Hasemi. Nimeunganisha picha za harusi ya watu nisiowajua. Siwezi kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika kumi. Nazunguka uani. Nimefua hata mapazia yaliyo safi.

Jumatatu, 24 Juni

Ofisi ya majengo ya kale imetoa jibu. Bati litolewe. Ukuta wa kushoto na tao vishushwe kwa mkono, tofali kwa tofali, chini ya usimamizi wa Papa Ilunga. Sehemu nyingine itachunguzwa. Huenda itabaki. Huenda hapana. Hakuna aliyeshinda, na ajabu ni kwamba leo kwenye ua wa kanisa watu waliongea kwa sauti ya chini, kama kwenye matanga.

Nimemwambia Papa kupitia mlango wa chumba chake. Akakohoa.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda kuangalia kazi. Bati limekwisha kuondolewa, kanisa limejaa mwanga lisiouzoea. Tao halipo. Anga tu.

Kwenye ua wapo wazee na kina mama wanaosafisha matofali kwa nyundo ndogo, kuyatoa chokaa kuukuu, kuyapanga. Papa alikuwa kati yao. Kwenye kigoda, suruali imekunjwa, nywele nyeupe kwa vumbi. Papa Ilunga alisema anakuja tangu Jumatano. Mimi nilidhani anakwenda kusali kule mbali.

Nikasimama. Hakuniita, hakunifukuza. Baada ya muda akasogeza kigoda chake kidogo, kukawa na nafasi kivulini. Nikakaa chini. Nikachukua nyundo.

Matofali ya zamani ni mazito kuliko nilivyofikiri. Chokaa inatoka vipande vipande, au haitoki. Tulifanya hivyo mpaka saa sita. Mama Véro alipita na ndoo ya maji, akampa Papa kikombe, akanipa na mimi.

Tulipoinuka, Papa alitazama miguu yangu. Nilikuwa na kandambili.

"Kesho nyuma ya misa uvale bilatu bya kufunga," akasema. "Apa kuko misumari."

Nikasema ndiyo, Papa.