Jiwe la Marehemu wa Watu

Kwamndolwa,
Korogwe.
7 Septemba 2025

Mpendwa Kaka Laurenti,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kinachokusumbua kila baridi inapoanza kimetulia. Wifi hajambo? Na mjukuu wetu, ameota meno? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo halijawa goti tena tangu unitembeze kwenye zile barabara zenu za mawe mwezi wa tano. Nimelikanda kwa maji ya chumvi, nimepaka kila nilichoambiwa nipake, bado naingia kanisani nikichechemea.

Utashangaa kupokea barua ya karatasi zama hizi. Nifanyeje sasa? Nikikuandikia maneno mia kwenye simu, unanirudishia picha ya kidole gumba. Nikikupigia, uko kwenye mkutano. Mwezi wa nane wote ulikuwa kwenye mkutano. Basi nimempa barua hii Salome, binti wa Mhina wa pale stendi, anayekuja kusoma huko kwenu Poland, hapo hapo Krakow. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uisome yote mbele yake. Mtoto wa watu usimnunie, ninunie mimi.

Kwanza ahsante kwa safari. Ubatizo ulifana, nililala pazuri, nilikula vizuri, hata ile supu yenu nyekundu niliimaliza.

Lakini yale matembezi ya Kazimierz, kaka, mpaka leo yamenikaa kooni. Uliniambia tunakwenda kutembea kidogo kwenye mtaa wa zamani wa Wayahudi. Kidogo! Saa tatu na nusu kwa mguu, nyuma ya yule mama mwongoza watalii mwenye mwavuli wa njano, anatembea kama anawahi basi la Arusha. Nikapachikwa kidude sikioni kinachoninong'oneza Kiingereza. Nilikutegemea wewe unitafsirie. Yule mama anasimama mbele ya nyumba, anaeleza dakika kumi, watu wanafuta machozi. Nakuuliza kasemaje, unaniambia, "Hapa palikuwa na duka." Dakika kumi, kaka. Tangu lini watu wazima wakalilia duka?

Nilichokiona nilikiona kwa macho yangu mwenyewe. Kwenye nyumba moja yule mama aliingiza kidole katika kijishimo kilicholala mshazari kwenye mwimo wa mlango, akakipapasa taratibu. Wifi ndiye aliyenieleza baadaye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba wenye nyumba walikuwa wameweka hapo kijikasha cha maandiko ya Mungu. Wakati wa vita wakachukuliwa wakauawa, kijikasha kikang'olewa, kikabaki kijishimo. Nikakumbuka milango ya kambini kwetu kwenye mkonge, ile namba 47 ya chumba cha babu, ambayo hata rangi ilipobanduka uliweza kuisoma. Nilitaka kukwambia. Ulikuwa umeshatangulia na mwavuli.

Halafu yakaja ya makaburini. Najua hutaki yaongelewe. Nitayaongea.

Mlisimama wote kwenye ule ukuta uliojengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa. Mimi goti lilikuwa linaniuma, nikabaki nyuma karibu na kaburi moja. Nikaona limejaa kokoto juu yake, kokoto za kila aina, na majani makavu. Kaka, wewe unanijua. Kwetu kaburi lililojaa uchafu ni la mtu asiye na ndugu. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, akina mama wa jumuiya tunakwenda na majembe na mafagio, tunapaacha makaburini peupe kama uwanja wa arusi. Nikamwonea huruma yule marehemu wa watu. Nikavua mtandio, nikampangusa. Zile kokoto nikazitia kwenye mkoba, moja moja, ili nikazitupe nje ya geti, maana uchafu wa kaburi hili hauachwi kwenye kaburi la jirani. Nikasema na Salamu Maria moja. Niliona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyofanya tangu nishuke kwenye ndege.

Yule mama aliponiona alinyamaza katikati ya sentensi. Mzee mmoja mwenye kikofia kidogo akaja, hakugomba, akanyoosha mkono tu. Nikafungua mkoba, akazitoa, akazirudisha kaburini moja moja. Na wewe, badala ya kunieleza mdogo wako nimekosa nini, uliwaambia wale watu kitu kwa Kipolandi, wakacheka. Kitu hicho hujaniambia mpaka leo. Mle kwenye tramu ndipo uliponitupia maneno mawili: "Mila yao, Dina. Anayefika kaburini anaacha jiwe." Ukafungua simu yako.

Nilinyamaza nisiharibu ubatizo. Lakini niliumia. Uliniona mshamba mbele za watu, kaka, na ni mimi niliyekufulia sare zako za shule.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike.

Lile shamba la mkonge alikofanya kazi babu limepata mwenye mali mpya. Anataka kulima mpaka kule juu kwenye makaburi ya kambi. Tangazo limebandikwa: kila familia iende ichomeke mti wenye kitambaa chekundu kwenye kaburi lake kabla ya tarehe thelathini Oktoba. Yenye kitambaa yatahamishiwa makaburi ya mjini, kila marehemu na shimo lake. Yasiyo na kitambaa yatafukuliwa, mifupa itiwe pamoja shimo moja. Basi. Tarehe mbili Novemba mwaka huu sitakuwa na mahali pa kufagia.

Nilikwenda kwenye ofisi ya shamba. Nikamkuta kijana mmoja, Erasto, mpole tu, ana daftari. Akaniuliza, "Mama, kaburi lenu namba ngapi?" Nikamwambia halina namba. Akasema bila namba hawezi kuandika. Nilitamani kulia na kucheka pamoja. Babu yetu aliletwa hapa kama manamba kutoka Songea, akaitwa kwa namba maisha yake yote, akalala kwenye chumba cha namba. Alipokufa ndipo namba zilipoisha!

Nikapanda kule juu mwenyewe na mti wangu na kitambaa changu. Kaka, sikuliona. Nilizunguka mpaka jua likanichoma kichwa. Wewe unajua kwamba siku babu alipozikwa mimi nilikuwa shule ya bweni, mkaamua nisiambiwe mpaka nimalize mtihani. Bibi alinipeleka mara mbili, tukaukuta msalaba wa mbao. Halafu nikaolewa Handeni miaka kumi, niliporudi mchwa walikuwa wameula msalaba na bibi naye amefariki. Nilikuwa nafagia makaburi yote nikijua la babu limo humo humo, nimelifagia. Nilijiridhisha hivyo.

Nilikuuliza kwenye simu, wewe uliyebeba jeneza upande wa kichwani. Ukajibu: "Kule juu karibu na njia." Njia ipi? Njia sasa ziko nne, kila pikipiki ina yake. Nikakuuliza tena. Kidole gumba.

Waliobeba jeneza na wewe wote wamekwisha kufa. Ikabidi nimtafute Mzee Matayo aliyekuwa mchimba makaburi wa kambi. Jirani yangu Mwanaidi, ambaye kwao ni Kang'ata, akaniambia yupo huko kwa mwanawe, analima ufuta. Akanisindikiza. Tulipanda basi mpaka Handeni, kisha bodaboda, vumbi la njia nzima likatuingia mpaka kwenye meno. Tulimkuta amekaa kibarazani, macho yamekwisha kabisa, haoni hata mchana. Kuja kutuonyesha haiwezekani. Lakini kichwa chake ni kizima. Nilipomtajia jina la babu alicheka.

"Yule wa mawe meupe! Mbona rahisi? Msalaba ulipoliwa, bibi yenu alikuwa anatoa mawe meupe mtoni, anampelekea. Kila akienda, jiwe moja. Alisema watoto wakirudi wasipotee. Tafuteni mawe meupe, mtamwona."

Kaka, niliinuka nikatoka uani. Mwanaidi ndiye aliyeaga.

Mawe hayo nayajua. Mwaka ule niliorudi kutoka Handeni, nikachaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, siku yangu ya kwanza kuongoza usafi niliwaambia akina mama tuondoe yale mawe, yanavunja majembe. Tulijaza ndoo nane. Na kwa kuwa yalikuwa mazuri, nikashauri tuyapeleke kigangoni tuzungushie bustani ya maua. Katekista Mikaeli alinipongeza mbele ya waumini. Yapo hadi leo, kila Krismasi yanapakwa chokaa. Miaka ishirini na tisa nayapita nikiingia kusali.

Jumapili iliyofuata sikuimba. Nilikaa benchi la nyuma nikiyatazama kupitia mlangoni. Na wewe nilikuwa nakukasirikia bado, lakini siku ile hasira yangu ilikuwa na watu wawili wa kugawana, wewe na mimi mwenyewe. Hili sijamweleza mtu. Anajua Mwanaidi tu, niliyemweleza tukirudi kutoka Kang'ata, na sasa unajua wewe.

Kwa hiyo usinitumie kidole. Usinitumie ramani wala usinieleze kwa simu eti karibu na njia. Kati ya waliosimama pale siku ile wakiwa na akili za mtu mzima, wewe peke yako ndiye uliyebaki na macho ya kuonyesha. Nataka uje upande kile kilima kwa miguu yako, huenda miguu itakumbuka pale kichwa kiliposahau. Miaka thelathini unawapitisha wageni wako kwenye makaburi ya watu, unayajua kwa majina na miaka. Njoo mara moja unipitishe mimi kwenye la kwetu. Hata ukitembea haraka, nitakufuata na goti langu hili.

Jingine. Ndani ya bahasha utakuta kitu kizito kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Nilipofika nyumbani na kukung'uta mkoba, kokoto moja ilidondoka. Yule mzee hakuiona. Imekaa dirishani kwangu tangu mwezi wa sita, na tangu nitoke Kang'ata siwezi kuitazama. Mtu fulani alifika pale akaiacha ili marehemu wake asipotee, mimi nikaibeba hadi Korogwe. Irudishe. Ni kaburi la tatu kutoka getini, upande wa kushoto, lina simba wawili waliochongwa. Kesho asubuhi nenda. Niombee na msamaha kwake, kwa lugha yoyote atakayoielewa.

Msalimie sana wifi, mwambie namshukuru kwa kunieleza ule mlango. Mbusu mjukuu. Mwanaidi anakusalimu, na Mikaeli anauliza kama bado unakumbuka kuimba besi. Mungu wa babu na bibi akulinde njiani, na asikupe mkutano wowote mwezi wa kumi.

Jiwe moja jeupe nimelichomoa kwenye bustani ya kigango bila ruhusa ya mtu, nimelikwangua chokaa kwa msumari. Lipo mezani hapa ninapoandikia. Ninajua kulibeba, kaka. Sijui pa kuliweka.

Nakusubiri, mimi mdogo wako nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Bernadina