Siombi Radhi kwa Gesti Yangu

9 Januari

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha wifi kimeshamwacha apumue. Mimi ni mzima, ila magoti yananidai mapumziko na sina ya kuyapa.

Kama unasoma barua hii ukiwa juu ya jukwaa la ujenzi, shuka kwanza. Nimenunua nyumba, kaka. Si huko nyumbani. Huku.

Ni ile nyumba ya wageni ninayofanya usafi, karibu na stesheni ya treni. Vyumba saba, ngazi ya mbao inayolia kila ukiikanyaga, na bomba la chumba namba tatu linalokoroma kabla ya kutoa maji. Mwenyewe, yule bibi tunayemwita Bibi Funguo, amechoka. Mwanawe alitaka iuzwe kwa watu wa kubomoa, pafanywe maegesho ya magari. Bibi akaniita jikoni akaniambia, "Wewe ndiye unayejua kila godoro limebonyea wapi. Nunua wewe." Nikadhani ananitania. Hakuwa na utani hata chembe.

Siku ya kutia saini, mwanawe akamuuliza wakili, mimi nikiwa hapo hapo, kama mfagiaji anaruhusiwa kununua. Wakili akajifanya anatafuta kalamu. Nikamjibu mwenyewe: "Anaruhusiwa. Na kikombe chako kiache hapo mezani, leo nitakiosha kwa raha zangu."

Akiba yangu yote imeingia humo, pamoja na ile ya kumalizia nyumba unayonijengea huko. Najua kuta zimefika kwenye linta. Najua ni mikono yako. Nakuomba unielewe, lakini radhi siombi. Nimetandika vitanda vya watu tangu nifike nchi hii. Sasa natandika vyangu.

Msalimie kila anayeniulizia, na asiyeniulizia pia.

Mdogo wako.


2 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sisi ni wazima. Kikohozi cha wifi yako kimeisha, sauti imerudi yote, na barua yako imempa pa kuitumia.

Niliisoma nimekaa na bado nusura nianguke. Dada, unajua nimewaambia nini watu miaka yote hii? Kila anayepita pale kiwanjani ananiuliza, "Fundi, ya nani hii?" Nami najibu kifua mbele, "Ya mdogo wangu, anarudi." Nimejenga nyumba nyingi mjini hapa, lakini ile yako kila kozi ya tofali niliipima kwa timazi mara mbili, kwa sababu ni yako. Leo mbuzi wa jirani wanalala sebuleni kwako na mimi sina la kuwaambia, si mbuzi wala jirani.

Halafu gesti! Umekaa huko mpaka umesahau gesti ni nini? Nilipowapa habari nyumbani, baba mdogo aliuliza kama vyumba vinakodishwa kwa usiku au kwa saa. Watu walicheka sana. Mimi niliona aibu, na nakwambia wazi, nilikukasirikia.

Uza. Huyo mtoto wa bibi bado anaitaka, mwachie. Rudi tupaue nyumba yako, ukae karibu na watu wako. Kichwa chako kigumu nimekizoea, lakini safari hii kitaumia.

Kaka yako.


20 Machi

Kaka,

Habari za siku nyingi? Mimi na nyumba yangu hatujambo. Nimeziba bati lililokuwa likivuja juu ya chumba namba sita, nilipanda mwenyewe. Ungekuwepo ungenitukana halafu ungenishikia ngazi.

Mwambie baba mdogo inakodishwa kwa usiku. Akitaka kujua zaidi aje, choo cha chumba namba tano kinamsubiri, ndoo na brashi nitampa bure. Wanaolala kwangu ni wazee wanaokuja hospitali kuu kupimwa macho, wauguzi wanaosoma kozi, na mafundi wa reli wanaokoroma mpaka vioo vinatikisika. Asubuhi naamka kukiwa bado na giza, nakaanga mayai, nabadilisha mashuka, nasugua. Nikimaliza naanza tena. Kama hiyo ndiyo aibu, basi nimeizoea na inanilisha.

Siuzi.

Lakini kwa kuwa ni wewe, nitakwambia na la kunicheka. Unakumbuka siku nilipomuuliza mjomba ataondoka lini, mama akanifinya sikio mbele yake? Basi sikio lile halijasahau. Mgeni akifika namuuliza jina, chai au kahawa, mto mmoja au miwili. Siku ya kuondoka siulizi. Ulimi unagoma kabisa. Bibi Funguo alikuwa anauliza mtu hajatua hata begi, nami nilikuwa nikimwona hana adabu.

Sasa kuna mzee mmoja, kazi yake kurekebisha piano za shule na za makanisa. Alikuja kwa shughuli ya siku chache, akapewa chumba namba mbili, na hadi leo yumo. Analipa, hana kelele, anakunja taulo lake. Wiki iliyopita wakaja mume na mke waliokuwa wameshaagiza chumba hicho hicho. Nikaona haya kumgusa mzee, nikaona haya kuwarudisha wale. Nikawapa chumba changu, mimi nikalala kwenye chumba cha kufulia, kichwa kwenye kapu la mashuka. Mke akanikuta pale asubuhi, akaenda kusema. Mkaguzi wa manispaa amekuja na kunionya: akinikuta tena nimelala penye mashine, au nimepokea watu kuliko vyumba, leseni naisahau.

Cheka basi. Ukimaliza, nishauri.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umelala kitandani kama watu.

Nimecheka, usidhani sikucheka. Lakini ukiniomba ushauri, nitasema umeona mwenyewe. Biashara ile ni ya watu wenye macho makavu, na sisi hatukulelewa hivyo. Na tafadhali, usije ukamuuliza yule mzee. Hata kama nataka uuze, sitaki usikike umemfukuza mgeni. Mtafutie hata kitanda cha kukunja, lakini usimuulize.

Sasa sikiliza hili, si la utani. Baba mdogo anakitaka kiwanja chako. Anasema umeshajifia huko, umenunua kwenu kupya, na ardhi ya ukoo haiwezi kukaa inafuga mbuzi wakati mwanawe anaoa na hana pa kujenga. Ameitisha kikao cha ukoo mwezi wa sita, hapa kwangu. Baadhi ya wazee wameshakubaliana naye, najua kwa jinsi wanavyonisalimia.

Njoo. Ukishindwa, andika barua ya unyenyekevu niisome mbele yao. Sema ulighafilika, sema unauza gesti, sema unarudi mwakani. Hata kama si kweli tutajua baadaye la kufanya. Mimi nitalia kidogo, shangazi atalia sana, yatakwisha. Usipofanya hivyo kiwanja kimekwenda, na kuta zangu zimekwenda nacho. Na mimi sitakuwa na mahali pa kukuonyesha siku utakayorudi.

Fanya hivyo kwa ajili yangu.

Kaka yako.


5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Najua huwa sikuamkii hivyo kwenye barua, lakini leo nitasema maneno makali na sitaki useme sikuanza kwa heshima.

Kwanza, nimemuuliza. Nilimpelekea mzee wa piano chai, nikasimama mlangoni, nikasema, "Baba, samahani, unaondoka lini?" Akaweka chai chini, akashusha pumzi. "Afadhali umeuliza," akasema. "Kila nikitaka kuaga unaniambia kula kwanza, kaa kwanza, mvua hiyo, unaharakia wapi. Nikaona nikiondoka nitakuvunja moyo. Binti yangu ananingoja tangu mwezi wa pili." Jumamosi ile akaondoka. Akanishika mkono kwa furaha utafikiri nimemfungua pingu. Nikaingia kwenye kabati la mashuka nikalia kwa aibu, halafu nikacheka, halafu nikatandika chumba namba mbili. Sasa nauliza kila mtu, pale pale kaunta, kabla ya chai. Hakuna aliyekasirika. Mama angenifinya, najua. Lakini mama alikuwa na sebule, mimi nina vyumba saba na mkaguzi.

Pili, sitakuja, na barua ya unyenyekevu siandiki. Soma hii. Isome yote, usiruke mahali.

Wazee wangu, shikamooni. Kiwanja kile alinipa baba kwa kinywa chake, nanyi mlikuwepo, na baba mdogo ndiye aliyeshika kamba upande wa pili kikipimwa. Hakuniambia ni changu nikikaa. Aliniambia ni changu. Mwanaume wa ukoo huu akienda mbali akanunua nyumba, mnasema amefanikiwa, na kiwanja chake mnakilinda. Mimi nimenunua, mnasema nimejifia. Sijafa. Nina kazi. Kwenye gesti yangu hakuna siri, madirisha yote yanatazama barabarani na mashuka yanaanikwa nje mchana. Sikughafilika, siuzi, na siwezi kuwadanganya kwamba narudi mwakani. Mkitaka kuninyang'anya ninyang'anyeni, lakini semeni hivyo hivyo, kwamba mmemnyang'anya binti wa kaka yenu. Msiseme mmegawa.

Kaka, hili ni lako peke yako. Umeniomba niseme uongo kwa ajili yako. Kwa ajili yako nitafanya mengi, hilo hapana. Nakupenda, na nataka kujua umesimama upande gani.

Mdogo wako.


30 Agosti

Kaka,

Natumaini mko wazima. Nasema natumaini kwa sababu sina habari. Kikao kimepita, mwezi wa saba umepita, kila siku ya posta nashuka ngazi kabla kengele haijalia, napokea matangazo ya mapazia.

Kama kiwanja kimekwenda, niambie. Kama wewe ndiye uliyekitoa, niambie pia. Ukimya wako unaniuma kuliko kufinywa, na sitajifanya hauniumi. Lakini usidhani utanifanya niandike ile barua nyingine. Nyumba imejaa mwezi mzima. Nimepaka rangi ukumbini, nimeajiri mama mmoja wa kunisaidia mashuka, na wa kwanza kumuuliza anataka kupumzika siku gani nilikuwa mimi.

Ninyamazie ukitaka. Barua zangu zitakuja tu, wewe ndiye utakayechoka kuzipokea.

Mdogo wako.


14 Novemba

Mdogo wangu,

Pole kwa kusubiri. Sisi ni wazima, wifi yako anakusalimu na anasema nikuambie yeye alikuwa upande wako tangu Februari. Si kweli, lakini mwachie.

Sikutaka kukuandikia habari nusu, na mambo yalikataa kwisha. Kikao kiliahirishwa, kikaja kukaa mwezi wa tisa. Na katikati hapo baba mdogo akamwaga mchanga na tofali zake ndani ya kuta zako, kama mtu aliyeshapewa. Nilifika asubuhi nikakuta. Nakwambia ukweli, barua yako ya Mei ilikuwa imenikasirisha, sikuwa nimeamua kuisoma kwa mtu. Lakini kuona tofali zake zimeegemezwa kwenye kuta nilizopima mara mbili, nikavua shati. Nilizitoa moja moja nikazipanga barabarani, watu wanatazama, na mchanga nao nikautoa kwa toroli. Jioni mgongo ulikuwa haufai.

Basi kikao kikakaa uani kwangu. Nikasimama nikaisoma barua yako yote, sikuruka mahali. Nilipofika pale pa baba mdogo kushika kamba, shangazi akasema kwa sauti, "Kweli, na kamba yenyewe ilikuwa yangu ya kuanikia." Baba mdogo akaruka, akasema hawezi kufundishwa ukoo na mwanamke mwenye gesti, gesti zote tunazijua.

Hapo nikamjibu. Nikasema, "Tunazijua, baba. Mbili za mji huu nimezijenga mimi. Na mlango wa nyuma wa ile ya sokoni unaujua wewe kuliko mimi niliyeujenga."  Halafu mkewe akainuka, akachukua mkoba wake, akaondoka. Kikao kiliishia hapo.

Hawajaamua lolote hadi leo. Wanasema watakaa tena. Arusi ya mwanawe sikualikwa, na nyumba ya kijana huyo, popote itakaposimama, ambayo ilikuwa niijenge mimi, ameahidiwa fundi mwingine anayepiga timazi kwa macho. Wazee wengine wananipita njiani bila kunisalimia. Nilikuwa naogopa sana siku kama hizi, zimekuja, na asubuhi bado naamka na kwenda kazini.

Uliniuliza nimesimama upande gani. Siku ya pili baada ya kikao nilikwenda kwa seremala nikanunua mlango, mbao ngumu, kitasa cha chuma. Nimeufunga kwako kwa mkono wangu. Paa hakuna, madirisha hakuna, anayetaka kuingia anaruka tu pembeni kama mbuzi. Lakini mlango upo, umefungwa, na ufunguo natembea nao mfukoni. Wapita njia wananicheka, wananiuliza ni fundi gani huyu anayeweka mlango kabla ya paa, na nani anayeishi humo ndani mpaka nafunga.

Nawaambia mwenyewe yuko kazini.

Kaka yako.