Sahihi za Bolovani

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Saveta Lingurar. Umri: miaka 46. Kabila: Mroma (Jipsi). Kazi: kuchonga miko na vijiko vya mti. Makazi: kijiji cha Bolovani, Romania, ng'ambo ya reli. Tarehe: 16 Januari 1992, saa tatu asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Marehemu Remus Lingurar, fundi wa treni, ni mdogo wangu, tumbo moja.

Enzi za Wakomunisti hatukuruhusiwa hata kujiandikisha kuwa Waroma. Walipoanguka, Remus alianzisha tawi la chama chetu jikoni kwangu. Akataka kugombea udiwani. Zilihitajika sahihi mia moja, zifike ofisi ya uchaguzi hapa mjini jana kabla ya saa sita mchana.

Mnamo tarehe 15, saa mbili na nusu asubuhi, tulikuwa tunapanga karatasi hizo. Nikasikia kioo kinavunjika. Nje walikuwepo wanaume kama thelathini, wana mashoka na uma ndefu za kubebea nyasi. Mbele alikuwa Petru Moga, jirani yangu. Harusi yake nilipika mimi.

Moga alisema, "Toka nje, mheshimiwa diwani! Tuone kunguru anavyoapishwa." Kunguru ndilo tusi wanalotuitia Waroma.

Remus akajibu, "Petru, ndani mna watoto. Nakuja, tuzungumze."

Akatoka bila koti. Moga alimpiga shoka la bega. Wengine wakamchoma kwa uma zao. Alianguka kwenye theluji, akainuka kwa magoti, wakampiga tena. Mtu nisiyemjua akamwaga petroli mlangoni, akawasha. Niliwatoa watoto na mke wa Remus kwa dirisha la nyuma.

Koplo Dragu, polisi wa kijiji, alikuwa barabarani anavuta sigara. Nilimpigia kelele. Alisema, "Mama, haya ni mambo ya majirani."

Remus nilimkuta amejiburuta hadi kando ya banda, damu zinamtoka mdomoni. Akauliza, "Dada, karatasi?" Nikamwambia ninazo kifuani.

"Basi nenda. Ukibaki hapa tutakuwa tumekufa bure."

Nikasema simwachi. Akanitukana. Tangu azaliwe hakuwahi kunitukana.

Nikaenda. Nilifuata reli kilomita tisa, mguu mmoja hauna kiatu. Nilifika saa sita kasoro dakika kumi. Karani aliuliza mgombea yuko wapi. Nilimjibu, "Yuko nyumbani." Akagonga muhuri.

Nilirudi saa tisa alasiri. Ndugu zetu walikuwa wamemlaza juu ya mlango wa banda uliong'olewa. Mkewe alisema alikata roho saa tano. Kwa hiyo nilipomjibu karani, ndugu yangu alikuwa ameshakufa.

Leo saa mbili nimepita tena kwa karani. Jina la Remus limefutwa. Limeandikwa langu; mgombea sasa ni mimi.

Niliyoyaona ni hayo, na mbele ya hakimu nitayarudia vilevile.

Sahihi ya shahidi: S. Lingurar

Yamechukuliwa nami, Sajini Ilie Cornea. Shahidi ameyasoma mwenyewe. Nimemshauri asirudi Bolovani leo. Amejibu kwamba ana mazishi saa nane, na saa kumi ana mkutano wa chama, papo hapo palipokuwa na nyumba yake.