Wimbo wa Njia ya Kisimani

Mjukuu wangu Tusajigwe,

Ugonile? Huku Kinyala tumeamka salama, mvua haijakoma, na babu yako bado anagombana na kuku wake.

Katika barua yako unashangaa kwamba kwa Kiingereza mwizi hukiri, "confess", kosa mahakamani, na mwalimu wako, kwa neno lilelile, hukiri kuwa anapenda mno ndizi za kuchoma. Mimi sishangai.

Nilipoolewa, kwetu ilikuwa mwiko mke kuonana na baba mkwe wake. Asubuhi moja natoka kisimani, ukungu umefunika njia, tukakutana uso kwa uso. Tulisimama kama watu wanaoota. Kisha akapotelea migombani. Hakuna aliyetuona.

Nilishinda na jambo lile kifuani. Jioni nikampigia magoti mama mkwe.

"Mama, nimekosa. Nimeonana na baba."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Mwenzako amekiri tangu asubuhi! Anasema kosa ni lake. Alikusikia unaimba, akasahau kujificha."

Mpaka baba mkwe anafariki hatukuwahi kusemezana. Lakini kila nilipokwenda kisimani, niliimba.

Bibi yako