Nimemrudishia Mama Kamau Kiondo Kitupu

Jumanne, Ruiru

Mwanangu Njoroge na aniite mkorofi, sijali. Asubuhi redio ilisema kuna nchi ndogo imevunja uhusiano na nchi kubwa, kwa sababu wakubwa wa huko wanatesa watu na kuwafunga bure. Njoroge akasema, "Mama, hao watajuta. Ni wadogo mno." Nikamwambia hata mdogo ana mlango, na anaweza kuufunga.

Hapo nikamkumbuka Nekesa, msichana wa kazi wa jirani yangu Mama Kamau. Anafungiwa ndani kutwa, na simu amenyang'anywa. Nimemsema Mama Kamau mpaka nimechoka.

Basi nikachukua kiondo alicholeta juzi kimejaa viazi, nikamrudishia kitupu. Kwetu hilo ni tusi kubwa.

"Woi, Shosho!" akalia Mama Kamau, maana ndivyo wanavyoniita mimi bibi kizee hapa mtaani. "Hata kitunguu kimoja?"

"Hata ganda. Na sikanyagi hapa tena mpaka umfungulie huyo msichana."

Amenuna. Naogopa nimempoteza, na nampenda, huyo mjinga...

Lakini jioni nimemwona Nekesa nje ya geti, simu sikioni, akiongea Kiluhya na mamake. Miezi yote hii sikujua ana kicheko kikubwa hivyo!