Umetutoa Kombeni Ukiwa Kaburini

Kato,

Sikusalimu. Salamu ni za watu wanaosemezana, na mimi na wewe tuliacha kusemezana tangu ulipohama Akalla ukaenda kuchezea Sundbyberg. Nakuandikia kwa sababu tumetolewa kwenye kombe la raga la mkoa, nusu fainali, nyumbani kwetu, na aliyetutoa ni wewe. Ndiyo, wewe! Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo mtupu. Wewe hukuwepo, na lako lilikuwepo uwanja mzima.

Ngoja nianze na pale uliponiudhi kwanza. Klabu ya Akalla tuliianzisha wawili, wageni hapa Uswidi, na mipira ya kuazima, kwenye uwanja uliojaa theluji. Halafu siku moja unaiacha ati umepata nyumba Sundbyberg na uwanja wao uko karibu. Karibu! Mimi nakaa Hagsätra, Kato. Napanda treni mwanzo wa laini ya kijani, nashuka mwisho wa laini ya buluu, na begi langu la viatu linanuka hadi watu wanahama viti, na sijawahi kusema Akalla ni mbali. Wewe ulisema mbele ya vijana, kwa Kiswahili chako kile ulichojifunza Uganda kwa kuogopa wanajeshi: "Wekesa, mimi nimezeeka. Nataka kwenda mazoezi kwa miguu." Nikakujibu, nenda basi. Ukaenda.

Tukanuniana. Wanaume wazima, kila mmoja ana simu mfukoni, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Nilijiambia Mganda huyu atapiga tu, hawezi kukaa muda mrefu bila kunichokoza kuhusu Kenya. Hukupiga. Ratiba ya nusu fainali ilipotoka, tukapangwa na Sundbyberg, nikasema sasa lazima apige, lazima anitishe kidogo. Kimya. Halafu Jumapili moja asubuhi simu ikaita, nikaona jina lako. Nilifurahi, nakuambia ukweli. Nikapokea kwa jeuri: "Haya, leo nani ameshindwa?" Kumbe ni Namuli, mkeo, anatumia simu yako. Akaniambia umeanguka jikoni na hukuamka.

Unajua mtu anajisikiaje akishampokea mjane kwa maneno kama hayo? Hujui, kwa sababu wewe uliondoka zako.

Mazishini jeneza lako lilibebwa na Sundbyberg, wamevaa jezi zao. Sita, wamepangwa kwa urefu, wananyata. Miaka yote ile katikati ya mstari wa mbele ni wewe, kulia kwako ni mimi, na kwenye skramu, timu zikisukumana vichwa chini, mtu wa katikati huning'inia mabegani mwa wenzake. Uzito wako naujua mimi, Namuli anisamehe. Nilisimama nyuma kabisa, jezi yako ya Akalla nimeikunja kwenye mfuko wa plastiki, nangoja mtu aniambie njoo ushike. Hakuna aliyesema. Nikarudi nayo Hagsätra.

Kwa hiyo nahodha wao, Jonas, lile jitu jekundu, alipoomba mechi isogezwe mbele kwa sababu ya msiba, nilikataa. Mtoano ni mtoano, asiyetokea uwanjani ametoka. Vijana walinitazama vibaya. Nilitaka kuwapiga wakiwa bado wanalia. Hasira yangu ilikuwa imefika hapo.

Sasa sikia ulichonifanya. Mpira ukitoka nje, timu mbili hupanga foleni mbili, mrushaji anautupa kati yao, na kila upande unamwinua mtu wake audake hewani. Siri ni kujua unatupwa wapi, na siri yetu tuliitunga mimi na wewe, kwa majina ya vyakula, ili Waswidi wasielewe. Wewe unarusha, mimi nainua. Ugali ni katikati ya foleni, chapati ni mwisho, matoke, zile ndizi zenu za Uganda, ni mtu wa kwanza kabisa. Kabla ya mechi vijana, ninaowafundisha na kucheza nao, waliniambia: "Kocha, Kato alikuwa kwao. Tubadilishe." Niliwafokea! Nilisema Kato ni mkaidi, Kato anadanganya umri wake, Kato ana wivu wa kitoto, lakini Kato hauzi ndugu yake. Nilikutetea, bwana, na ulikuwa umeshazikwa.

Mpira wa kwanza kutoka nje ulikuwa wao. Mrushaji wao, kijana mweupe hata nyusi hazionekani, akainua mpira akaita: "Chapaaati!" Akaivuta vilevile ulivyokuwa ukiivuta wewe. Nikasahau kuinua mtu. Nikajua umewapa kila kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema kwa sauti, katikati ya uwanja.

Basi ikawa vituko. Wakiita, tunajua. Tukiita, wanajua. Wanaume thelathini wanapigiana kelele za vyakula na kuibiana mipira, na wale mama wetu wa Akalla na chupa zao za chai wanacheka hadi wanashikana. Mwamuzi alinijia akaniuliza kama sisi na wao ni klabu moja. Nikamwambia sisi ni ukoo ulioharibika.

Tulikwenda hivyo, sare, hadi dakika za mwisho. Mpira ukatoka nje karibu kabisa na mstari wetu, wa kwao. Yule kijana akaita: "Matoke!" Mechi nzima hawakuwa wameiita. Nikapiga kelele, "Mbele! Mbele!" nikamnyanyua mtu wetu wa kwanza hadi nikasikia mgongo unalia. Mpira ukampita. Ukapita juu ya foleni yote, ukamwangukia Jonas anakuja mbio kutoka nyuma, na mbele yake hakuna hata mtu mmoja wetu. Trai, mpira chini nyuma ya mstari wetu. Kipenga. Kwisha.

Nilibaki nimemshika yule kijana wetu hewani kama mjinga. Nikakumbuka siku ile tunatunga majina, niliposema matoke ni chakula laini cha wasio na meno, hakifiki mbali, tukipe mtu wa mbele. Ulinuna kweli kweli. Ulisema, "Siku moja nitakuonyesha kinafika wapi." Lo! Mtu ana kinyongo cha matoke hadi kaburini!

Na bado tukawalisha. Raga ina desturi hiyo mbaya, mwenyeji humlisha aliyempiga. Nilikuwa nawapakulia maharagwe bila kuwatazama usoni, Jonas akaja na sahani yake akasimama mbele yangu. Nikamwambia kwa Kiswidi ajivunie, wameshinda kwa siri ya wizi. Akatikisa kichwa. Akasema ulipojua mtakutana na sisi, wenzako walikuomba ubadilishe majina yote, maana Akalla wanayajua. Ulikataa. Uliwaambia: "Wekesa naye hatabadilisha." Walikubishia, ukasema unamjua mtu wako. Ila matoke, ukawaambia, muiweke hadi mwisho, mumwonyeshe inafika wapi.

Nilitaka kummwagia maharagwe. Nilicheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka, halafu nikaenda nyuma ya kibanda cha viatu nikalia, vijana wakajifanya hawanioni. Kwa nini ulimwambia Jonas? Mimi nilikuwa nimefanya nini hata nisiambiwe? Maneno hayo yalikuwa yangu, Kato! "Namjua mtu wangu." Ungenipigia ukanitukana, ukaniambia nitakufunga kwa matoke wewe Mkenya, tungemaliza kwa dakika moja. Badala yake nayapata kwa mgeni, kinywa chake kimejaa chapati yangu, na siwezi hata kukujibu.

Fainali wanacheza wao. Namuli amenialika nikae naye kuitazama, na nimekubali, kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Sijui nitamshangilia nani. Usinitegemee.

Sasa kwaheri, na ahadi yangu ni hii. Jumapili nitakuja kaburini kwako. Maua sileti. Nakuja kugombana nawe, kwa sauti, na wale wazee wa Kiswidi wanaomwagilia makaburi yao watanisamehe. Hukunipigia, sikukupigia, tumekaa tukingojana hadi ukafa. Mmoja wetu lazima aanze. Haya, naanza mimi.

Wekesa