Ngome Ndogo ya Baba Ludvik, Juu ya Kilima cha Lipov Grič

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokusindikiza makaburini, siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, divai mpya ikiwa imeshatulia kwenye mapipa ya watu. Pipa letu lilikuwa nje, tupu, chini ya turubai. Sababu unaijua.

Ulikuwa fundi wa majiko ya vigae, na nyumba nyingi za bonde hili bado zinapata joto lako. Hukuwa na maneno mengi. Ulimenya tofaa kwa kisu cha mfukoni mpaka ganda likatoka moja refu, ukampa mjukuu wako Brina lile ganda, tofaa ukala mwenyewe, kwa kuwa ganda ndilo alilolitaka.

Jumapili zako zilikuwa za ngome. Ulitupandisha Celje, ukatupandisha Podsreda, na magofu mengine ambayo hayana hata kibao, mkate na soseji kwenye mkoba. Wenzetu walitazama bonde. Wewe ulitazama ukuta, kiganja juu ya jiwe, ukijiuliza limefikaje huko. Binti yako Neža alikuwa bado mdogo ulipomwambia, "Siku moja tutajenga yetu, mwanangu. Ndogo tu. Ya kutosha sisi na divai."

Ukaijenga kweli. Watu wa hapa hujenga juu ya shamba la mizabibu kijumba cha divai, paa na benchi, basi. Wewe ukaweka mnara, ukaweka vidirisha vya kuchungulia, na mlango mwembamba, mfupi, wenye tao la mawe uliyoyachonga mwenyewe wakati wa baridi, majiko yakikupa nafasi. Ulisema mlango wa ngome huwa hivyo ili adui aingie mmoja mmoja, kichwa chini.

"Adui gani, Ludvik?" Mama alikuuliza. "Nguruwe mwitu?"

"Hata askofu atainama akija kwangu."

"Basi mimi utanisalimia nje," alisema Mama, ambaye ni mrefu kukupita na hapendi kuinama.

Mavuno yakafika, mkalibingirisha pipa la mwaloni la babu yako mpaka mlangoni. Likakwama. Mlango ulikuwa umeupimia adui, pipa ukalisahau. Jirani yetu Stane alicheka mpaka akakaa chini. "Mheshimiwa," alikwambia, "ngome yako haitekwi hata na divai." Zabibu zetu zikaishia kwenye pipa lake. Ukasema utafikiria baridi ikija. Hukuifikia.

Mwaka huu, mizabibu ilipoanza kuiva, Mama alisema tao livunjwe ili pipa lipite. Hakusema kwa hasira. Alitaka nyumba ifanye kazi, la sivyo shamba liuzwe. Neža alimjibu, Brina akiwa kiunoni, kwamba tao likitoka kinachobaki ni banda.

"Banda lenye divai linanitosha," alisema Mama. "Jumatatu fundi anakuja."

Jumapili akatangulia Stane, nyundo mkononi. Neža akasimama mlangoni.

"Tulia, binti. Sina shida na mlango wako," alisema, akapita kwenda kwenye turubai.

Aliomba chaki za Brina, akaweka alama kila ubao wa pipa, kisha akagonga pete za chuma moja baada ya nyingine mpaka pipa la babu yako likalala kwenye majani kama kuni. Mkwe wako Gašper akazipokea mbao ndani. Ziliingia moja moja, Baba, kama ulivyotaka adui zako waingie. Humo ndani wakalisimamisha upya, wakarudisha pete, wakalimwagia maji ya moto. Lilivuja usiku kucha. Asubuhi mbao zilikuwa zimevimba, sakafu kavu.

"Angeniuliza ningemwambia," alisema Stane. "Lakini bwana wa ngome anamuuliza jirani?"

Fundi alipofika, Mama alimpa kahawa akamrudisha kwao. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akasimama mbele ya tao lako kwa muda, akainama, akaingia. Neža alimkuta ndani, kiganja juu ya ukuta.

"Umenipata, Ludvik," alisema. Halafu akasema humu ndani pana ubaridi mzuri, divai itapenda.

Imependa. Tuliionja siku ya Martin. Ni kali kidogo, kama ulivyoizoea.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ančka. Binti yako Neža na mumewe Gašper. Mjukuu wako Brina, anayejifunza kumenya tofaa. Dada yako Tončka. Na Stane, aliyesisitiza aandikwe kuwa adui wa kwanza kuingia.

Mlango hatutaupanua. Kila tukiinama kuingia kwako, Baba, tutakukumbuka.